Mvinyo Mwekundu wa Dodoma Umekosa Chakula Chake

Hotuba kwa wapishi, wahudumu wa hoteli na wakulima wa zabibu, mjini Dodoma

Mbukwenyi!

Ndugu wapishi wenzangu, ndugu wahudumu, wakulima mliotoka Mpunguzi, Hombolo na Mvumi mkaacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, wageni wetu wote, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumze kuhusu mvinyo na chakula. Hayo ni mambo mapana, na mimi sitayazunguka yote. Nitazungumzia mvinyo mmoja, mwekundu wa hapa kwetu, na vyakula tunavyovipika hapa kwetu, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu imelala.

Kuna jambo linaniuma, na ni afadhali nilitoe mapema. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, inamleta mgeni kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne. Vikao vya Bunge vikianza, vyumba vinajaa mji mzima. Mgeni huyo akifika jioni anaagiza nyama choma, anauliza kuna mvinyo gani. Anatajiwa wa Afrika Kusini, wa Chile, wa Hispania. Akiuliza mwenyewe, "Na ule wa Dodoma?", anajibiwa, "Upo, lakini..." Hiyo "lakini" nimeisikia mara nyingi mno, tena ikisemwa kwa sauti ya kuomba radhi, katika mji ambao mashamba ya zabibu yanaanza pale nyumba zinapoishia.

Nimeifikiria sana hiyo "lakini", na nimefika mahali pa kuamini kwamba mvinyo wetu mwekundu hauna kosa kubwa kama tunavyodhani. Tumeunyima chakula chake. Tunaufungua kwenye harusi, watu wamesimama, tumbo tupu, jua kali, chupa imekaa juani tangu asubuhi. Mtu anakunywa funda moja, anakunja uso, anasema ni mchachu, anaomba soda achanganyie. Simlaumu. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, uwe wa Dodoma au wa Ufaransa, ukinywewa hivyo utakukaza ulimi. Umetengenezwa uende na chakula, na chakula chake tunacho tele.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mzabibu umefika Dodoma kwa ajili ya altare. Wamisionari wa Kikatoliki waliupanda Bihawana, nje kidogo ya mji, mwishoni mwa miaka ya 1950, wapate divai ya misa bila kuisubiri itoke ng'ambo. Waliona kwamba unashika. Baadaye serikali ikaingia, kampuni ya umma ya DOWICO ikawa na kiwanda hapa, na jina la Dodoma likasafiri nchi nzima likiwa limebandikwa kwenye chupa. Kampuni ile iliposimama, mkulima alibaki na zabibu mkononi bila pa kuzipeleka, na wazee waliopo hapa wanaikumbuka miaka ile kuliko ninavyoweza kuieleza mimi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaja kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo kwa mkono wa Waitalia, na wengine wakafuata, wakubwa na wadogo, mpaka leo tuna akina mama wanaokamua na kujaza chupa katika majengo yao wenyewe.

Na kwa nini Dodoma? Tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, digrii sita tu kusini mwa Ikweta. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Kwa mahindi huo ni msiba, ndiyo maana wazee wa Kigogo walishikilia mtama na uwele. Kwa mzabibu ni neema. Mzabibu hautaki majani yake yakae na maji, kwa sababu hapo ndipo ubwiri, ugonjwa wa ukungu, unapoingia. Unataka jua, hewa kavu, udongo usiotuamisha maji, na usiku wenye ubaridi. Mwezi Julai hapa asubuhi tunavaa makoti. Ubaridi huo ndio unaomsaidia mkulima zabibu zake zisipoteze uchachu wote zikiwa zinaiva juani.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, unaamka wenyewe majira ya kuchipua, unavunwa mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogolea leo, baada ya miezi minne hivi anavuna. Kwa hiyo Dodoma tuna mavuno mawili kwa mwaka, moja karibu na Machi na jingine Agosti na Septemba. Wapishi, hili msilipite haraka. Zabibu za Machi zimekulia kwenye mvua. Zimenyonya maji, sukari yake ni ndogo, na mkulima amepambana na magonjwa usiku na mchana. Zabibu za Agosti na Septemba zimekulia kiangazi. Tunda ni dogo, ganda ni nene, sukari imejaa, na mvinyo wake una rangi nzito na nguvu zaidi. Mkienda kiwandani kununua, ulizeni ni wa mavuno gani. Mwenye kiwanda anayejua kazi yake atafurahi mmeuliza.

Zabibu nyekundu iliyozoeleka zaidi kwetu inaitwa Makutupora, jina la kijiji cha kaskazini mwa mji, kule kwenye visima vinavyotunywesha maji sisi wa mjini na kwenye kituo cha utafiti wa zabibu kilicho leo chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Pamoja nayo kuna Syrah na Cabernet Sauvignon zilizotoka nje, na kwa mvinyo mweupe tuna Chenin Blanc. Mimi nina upendeleo wangu na siufichi: Makutupora kavu, ya mavuno ya kiangazi, ikiwa changa, ndiyo ninayoitaka mezani. Ina uchachu ulio wazi na ukakasi usioficha sura.

Ukakasi ndio ufunguo wa mambo yote nitakayosema baada ya hapa. Waliokulia Mtwara na Lindi wanaujua vizuri: ukila bibo, tunda la mkorosho, ambalo halijaiva sawasawa, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani. Kinachofanya hivyo ni tanini. Kwenye zabibu tanini iko kwenye ganda na kwenye mbegu, na mvinyo mwekundu unachachushwa pamoja na maganda yake, ndipo unapopata rangi na ndipo unapopata ukakasi. Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, kwa hiyo ukakasi wake ni mdogo sana. Sasa tanini ikiingia mdomoni inashikana na protini ya mate, mate yanapoteza utelezi wake, ulimi unahisi mkavu. Lakini ukiwa na nyama mdomoni, tanini inapata protini nyingine ya kushikana nayo, na mafuta ya nyama yanaupaka ulimi. Ukakasi unashuka, tunda linajitokeza. Wakati huohuo uchachu wa mvinyo unakata mafuta, na kipande kinachofuata unakila kwa hamu kama cha kwanza. Kila mmoja anamtendea mwenzake wema.

Kwa hiyo nakuja kwenye mbuzi.

Mbuzi wa Ugogo ni mdogo wa umbo. Anakula vichaka na majani ya miiba, anatembea sana, nyama yake imebana na ina harufu yake yenyewe ambayo mbuzi wa kufungiwa hana. Nitawaeleza ninavyomchoma kwa ajili ya mvinyo, kwa sababu ni tofauti kidogo na tunavyomchomea bia. Nachukua mbavu na bega. Sitii tangawizi, sitii kitunguu saumu kingi, sitii unga wowote wa kiwandani. Chumvi tu, ya kutosha, nusu saa kabla ya moto. Chumvi inapunguza uchungu wa mvinyo mdomoni, kwa hiyo nyama iliyokosa chumvi itauonea mvinyo. Mkaa ukishapoteza miali na kuanza kuvaa majivu, naweka mbavu upande wa mfupa chini, mbali kidogo na moto, naziacha ziive taratibu mpaka mafuta yaanze kudondoka na moshi kupanda. Moshi ule wa mafuta ndio viungo vyangu. Mwishoni nageuza upande wa nyama, kwa muda mfupi, ipate ukoko.

Mhudumu akipeleka sahani ile mezani, namwomba amwambie mteja jambo moja: achukue ubavu wenye mafuta, atafune, na kabla hajamaliza kumeza anywe funda dogo. Basi. Sijaona maelezo mengine yanayomfundisha mtu mvinyo haraka kama hayo. Yule aliyekunja uso kwenye harusi atashangaa kwamba ni chupa ileile.

Ndimu sasa. Tumezoea kukamulia ndimu juu ya nyama choma mpaka inaelea. Ukila kitu kichachu sana, uchachu wa mvinyo unapotea mdomoni, unabaki mvinyo uliopooza, mzito, usio na uhai. Kwa meza yenye mvinyo, ndimu iwekwe pembeni, mteja aamue. Kachumbari iwe ya nyanya na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, siki isiguse. Na pilipili kichaa ikae kwenye kibakuli chake. Kilevi kinaongeza mwasho wa pilipili, na mvinyo wa asilimia 13 una kilevi cha kutosha kuwasha moto mdomoni mwa mtu ambaye hakuutaka. Mteja anayetaka pilipili kweli kweli, mpeni mvinyo mwekundu mtamu, uliopoa kwenye friji. Sukari inatuliza pilipili. Mishikaki ya ng'ombe yenye pilipili na mvinyo mtamu wa baridi ni chakula cha heshima, na sioni sababu ya mhudumu kumdharau anayeagiza mvinyo mtamu. Watanzania wengi wanaupenda. Kazi yetu ni kuupeleka kwenye sahani yake.

Ugali wa uwele unaenda na mvinyo huu vizuri kuliko ugali wa sembe. Sembe ni nyeupe, ina ladha ya mbali, inabeba tu. Uwele una uchungu mdogo na harufu ya nafaka yenye afya, na mvinyo wenye ukakasi unapatana nao. Ugali wa uwele, mbuzi wa kuchemsha aliyekaangwa kidogo na nyanya na kitunguu, glasi ya Makutupora: hicho ndicho chakula ningempa Rais wa nchi yoyote akija Dodoma, na nisingeweka wali mezani.

Mlenda umenisumbua zaidi. Kila mgeni anataka kuuonja, na ni lazima uwepo, maana Mgogo bila mlenda mezani hujamkaribisha. Lakini mlenda wetu unapikwa na magadi, na magadi ni kinyume cha asidi. Kijiko cha mlenda wenye magadi mengi kikifuatiwa na mvinyo, mvinyo unakuwa kama maji yenye uchungu. Ninachofanya ni hiki: natumia mlenda mkavu wa kusagwa, natia magadi kwa ncha ya kisu tu, kisha naongeza nyanya iliyoiva na karanga zilizotwangwa. Nyanya inarudisha uchachu kidogo, karanga zinaleta mafuta. Hapo mvinyo unavumilika. Hata hivyo ushauri wangu kwa mhudumu ni kwamba mlenda na ugali viliwe kwa nafasi yake, na mvinyo unywewe na nyama. Hakuna haja ya kulazimisha kila kitu kilichoko mezani kikubaliane na glasi. Wakina mama wa vijijini waliopo hapa wanajua mlenda kuliko mimi, na kama kuna njia ya kuupika bila magadi kabisa ukabaki na utelezi wake, nawaomba mnifundishe leo kabla hamjaondoka.

Kuku wa kienyeji anategemea amepikwaje. Akichomwa, ananywewa mvinyo mwekundu mwepesi, ule wa Machi, uliopoa. Hapo mavuno ya mvua yanapata kazi yake. Akipikwa kwa nyanya na karanga, Makutupora ya kiangazi inamweza. Akipikwa kwa nazi, acheni mwekundu. Tui lina utamu, na utamu wa chakula unaufanya mvinyo mkavu uonekane mkali na mchungu. Chukueni Chenin Blanc. Ni hivyohivyo kwa maharage ya nazi na kwa ndizi mbivu za kukaanga.

Samaki pia acheni mwekundu. Tuna perege wazuri wa Bwawa la Mtera, wanafika sokoni wabichi asubuhi, na nimeona watu wakiwanywea mvinyo mwekundu halafu wanalalamika samaki ananuka. Samaki hanuki. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ni madini ya chuma yaliyomo ndani ya mvinyo mwekundu yanayokutana na mafuta ya samaki na kutoa shombo pale pale mdomoni. Kadiri chuma kinavyozidi ndivyo shombo linavyozidi. Na dagaa wakavu, jamani, hapana kabisa.

Pilau ya nyama nimeiweka mwisho kwa sababu naipenda. Pilau yenye bizari nyembamba, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga, nyama ya ng'ombe yenye mafuta, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, ikaliwa na Syrah ya hapa. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waligundua kwamba kinachoifanya Syrah inukie pilipili manga ni kemikali ileile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Kwa hiyo harufu ya sufuria na harufu ya glasi zinakutana. Msizidishe hiliki tu, itafunika kila kitu.

Kuna wenzetu wengi, Waislamu na hata Wakristo, ambao kilevi hawakigusi, na meza yetu ni yao vilevile. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: ukipika kwa mvinyo, andika kwenye menyu. Usijiambie kwamba pombe imeisha kwa moto. Haiishi yote, hata mchuzi ukichemka saa nzima. Mteja ana haki ya kujua alichokula, na mpishi anayemficha amemvunjia heshima yeye na imani yake. Sufuria ya nyama ya mvinyo iwe yake, mwiko wake, na kuwe na sufuria ya pili isiyo na mvinyo iliyopikwa kwa uangalifu uleule. Kitimoto nacho, yaani nyama ya nguruwe, kwa wale wanaokula, kinaenda vizuri sana na mwekundu mkavu, lakini jiko lake na vyombo vyake vitengwe. Na aliye chini ya miaka 18 hapewi, hata baba yake akiagiza.

Mkitaka kupika kwa mvinyo huo, pikeni nyama yenye mfupa, shingo au mguu wa mbele wa ng'ombe. Ikaangeni kwanza mpaka iwe kahawia pande zote, toeni, kaangeni vitunguu na karoti humohumo, mimineni nusu chupa, kwangueni vilivyoganda chini ya sufuria, acheni ichemke mpaka ipungue nusu, kisha rudisheni nyama na maji kidogo, funikeni, moto mdogo, saa mbili na nusu. Msitumie mvinyo uliogeuka siki mkadhani moto utauponya.

Sasa huduma. Hapa nitasema machache lakini ndiyo yanayoua mvinyo wetu kila siku. Joto. Wazungu wanasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, na chumba walichokuwa wakikisema kilikuwa na nyuzi 16 mpaka 18. Chumba cha Dodoma mwezi Novemba kina nyuzi 30. Mvinyo wa nyuzi 30 unanuka pombe tupu. Uwekeni kwenye friji nusu saa kabla ya kuupeleka, ule mwepesi zaidi hata dakika arobaini. Msitie barafu ndani ya glasi. Chupa za akiba zisipangwe dirishani kwa urembo. Jua la wiki chache linatosha kuuharibu mvinyo, na mteja akiurudisha lawama inamwangukia mkulima wa Mpunguzi wakati kosa ni la rafu yetu. Chupa ikifunguliwa, irudishiwe kizibo, iingie friji, imalizwe ndani ya siku tatu. Glasi ijazwe theluthi tu, harufu ipate mahali pa kukaa.

Mhudumu asikariri maneno ya kigeni. Mteja akiuliza mvinyo ukoje, mwambieni: ni mkavu, una uchachu, una ukakasi, ni wa zabibu za hapahapa, unapendeza na mbuzi. Maneno hayo yanamtosha.

Na wakulima, sijawasahau, ingawa mmenisikia nikisema na wapishi muda wote. Ninajua hali ilivyo. Zabibu ikishaiva haingoji. Kiwanda kikisema foleni ni ndefu, au matangi yamejaa, kila siku inayopita inakula kilo na inakula bei, na dalali analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana wengi wenu mmeanza kukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, mpate nafasi ya kusubiri mnunuzi wa maana. Ni hatua nzuri, lakini mchuzi unadai usafi kuliko zabibu. Tangi likibaki na hewa juu, bakteria wa siki wanaingia. Lijazeni mpaka shingoni, lifungeni, liwekeni kivulini, na msichanganye mchuzi wa shamba lililougua ubwiri na ule wa shamba lisilougua.

Kwa upande wetu wa jikoni, hesabu ni rahisi. Chupa moja ya mililita 750 inataka zabibu kilo moja na zaidi kidogo. Mgahawa unaouza chupa 10 tu kwa wiki umemaliza zaidi ya nusu tani ya zabibu kwa mwaka. Mji huu una migahawa na hoteli nyingi, na kila moja ina jiko la nyama choma. Hatuhitaji kusubiri soko la nje litusaidie kabla hatujauza kwa mtu aliyekaa meza ya tatu.

Ombi langu kwa wenye hoteli waliopo ni dogo: kwenye menyu, palipoandikwa mbuzi choma, chini yake andikeni mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma kwa glasi, na bei yake. Kwa glasi, nasisitiza. Mtu anayeogopa kununua chupa nzima ya kitu asichokijua atanunua glasi. Na muwaonjeshe wahudumu wenu kabla hawajaanza kuuza, wale wanaokunywa. Asiyekunywa anaweza kunusa na kukumbuka, na wengine wao wana pua kali kuliko sisi.

Jikoni wananiashiria kwamba nyama iko tayari. Kila meza imewekewa chupa tatu. Anzeni na Chenin Blanc pamoja na perege, kisha mwekundu mwepesi na kuku wa kuchoma, halafu ndipo mfungue Makutupora na mbuzi. Onjeni mvinyo kwanza bila chakula, funda moja, mkumbuke ulivyokuwa, kisha mle na mwonje tena. Kwa wasiokunywa kuna juisi ya zabibu ya mavuno hayahaya, na ugali wa uwele upo wa kutosha. Mwenye gari ana glasi moja ndogo ya kuonja, iliyobaki ataimalizia nyumbani. Nitapita meza kwa meza, na ukiona chupa haikukupendeza na sahani yoyote, niite uniambie ni ipi na kwa nini. Karibuni mezani.